Nina simulizi, nina wasomaji, lakini hela siioni. Uandishi unaendeshwaje kama biashara?

KalamuYaMoro

Habari za usiku wakuu. Naombeni mnisome mpaka mwisho, najua ni ndefu.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nipo Morogoro. Naandika simulizi tangu 2019, nilianza kuziweka kwenye ukurasa wangu wa Facebook usiku watoto wakishalala, sehemu ya kwanza, ya pili, watu wakawa wanadai muendelezo hadi inbox, sasa hivi ukurasa una watu kama elfu 11. Utaratibu wangu ni kwamba sehemu 15 za mwanzo bure, kuanzia ya 16 hadi ya 40 unalipia buku mbili kwa simu nakuingiza kwenye group la WhatsApp. Simulizi ya mwisho walilipia watu 83. Hiyo ni 166,000, na niliiandika kwa miezi minne, bado sijatoa bando.

Wiki mbili baada ya kumaliza, msomaji wangu mmoja akanitumia picha, simulizi nzima ipo Telegram kwenye PDF, jina langu limefutwa na wameweka namba ya mtu mwingine, ukitaka nyingine umtumie jero. Siku hiyo sikuandika kitu, nilikaa tu naiangalia ile PDF, hata kosa langu la sehemu ya 22 ambapo nilimwita mhusika jina lingine lilikuwemo vile vile.

Sasa nimefika njia panda. Kuna mchapishaji amenipigia, anataka kuununua muswada kwa 800,000 taslimu, tukiandikishana basi ni wake. Njia ya pili ni nichape mwenyewe, nimeulizia kiwandani wameniambia kitabu cha kurasa 200 saizi ya A5 nikichapa kopi 500 kila moja 4,200, jumla 2,100,000. Hiyo hela sina ila kikoba chetu kinaweza kunikopesha, unarudisha ndani ya miezi mitatu na riba asilimia 10.

Mume wangu hanipingi, ila juzi aliniuliza hivi hii ni biashara au ni kipaji, na nilikosa la kumjibu. Nataka iwe biashara. Naombeni mwongozo kwa wanaojua, nianzie wapi?

---

Babu Muswada

Binti yangu usisaini. Kabla ya yote, usisaini hiyo karatasi ya 800,000.

Nakwambia kitu kilichonikuta. Mwaka 2008 niliuza muswada wangu kwa 350,000, nilikuwa na shida ya ada ya mtoto na nilihisi Mungu amenijibu. Mkataba ulikuwa ukurasa mmoja, sikuusoma vizuri, niliangalia tarakimu ya hela nikaweka sahihi. Miaka kama minne baadae nipo kwenye basi naenda Mbeya, tumeshapita Mikumi, kondakta akaweka filamu. Dakika kumi za mwanzo najiambia mbona kama naijua hii habari. Kisha yule dada wa kwenye filamu akasema maneno ambayo niliyaandika mimi, neno kwa neno, nikiwa nimekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba kwa taa ya chemli. Abiria wa siti ya mbele yangu akamwambia mwenzake "huyu lazima atakufa", na mimi nilikuwa najua hafi, maana ule mwisho niliubadilisha mara tatu. Nilisubiri majina ya mwisho yapite. Jina langu halikuwepo.

Nilipofika nyumbani nikautafuta ule mkataba. Umeandikwa "mwandishi anahamisha haki zote". Hivyo hata pa kulalamika sikuwa napo, walichofanya niliwaruhusu mwenyewe.

Ndio maana nakwambia, muswada ni shamba, sio gunia la mahindi. Mtu akija anataka kulima msimu mmoja mkodishie, avune, akulipe, shamba linabaki lako na mwakani anakuja mwingine. Wewe unataka kumpa na hati kwa bei ya mavuno ya msimu mmoja. Ndani ya huo muswada kuna haki ya kuchapa kwenye karatasi, kuna ya kutafsiri, ya filamu, ya mchezo wa redio, ya kusoma kwa sauti, ya kuuza kwa simu kama unavyofanya sasa. Kila moja inauzwa peke yake kwa mtu wake. Huyo mchapishaji kazi yake ni karatasi, haki ya filamu anaitakia nini?

Sheria yetu ya hakimiliki ni Na. 7 ya 1999, inasema haki ni yako toka siku umeandika, huhitaji ruhusa ya mtu, na inaishi maisha yako yote na miaka 50 baada yako. Hao watoto wawili waliolala wakati unaandika watakuja kula hapo. Ukienda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kusajili unapata ushahidi wa karatasi siku mkigombana, nakushauri uende, ila haki yenyewe unayo tayari.

Kuhusu swali la mume wako, mwambie ni kipaji kinachofanyiwa biashara, na hapa kwetu si jambo geni. Marehemu Ben Mtobwa alikuwa na kampuni yake ya kuchapa vitabu, Heko. Shigongo hadithi zake zilikuwa zinatoka kwa mfululizo kwenye magazeti ya kampuni yake mwenyewe, Global Publishers, msomaji analinunua gazeti la wiki hii kwa sababu wiki iliyopita hadithi iliishia patamu. Angalia hapo. Hadithi iliuza gazeti, gazeti likaitangaza hadithi, baadae hadithi ile ile ikawa kitabu. Shamba moja mavuno matatu. Na wewe bila kujua umeshaanza mtindo huo huo, Facebook yako ndio gazeti.

---

Kijana_Rungwe

Mzee shikamoo, nakuheshimu na umeandika kwa uchungu, ila nitofautiane kidogo. 800,000 mkononi kwa mama mwenye watoto wawili sio hela ya kuisukuma. Simulizi iliyompa 166,000 kwa miezi minne leo mtu anataka kumpa karibu mara tano yake. Mtu akiuza muswada mmoja akapata mtaji wa kuchapa wa pili ubaya uko wapi? Wengi wetu tumeshikilia miswada kwenye flashi miaka kumi tunasubiri mkataba mzuri na flashi yenyewe imeshakufa. Mimi mwenyewe nimepoteza riwaya mbili hivyo.

Kwangu biashara ni mzunguko. Auze huo mmoja, azungushe.

---

Babu Muswada

Marahaba kijana. Pole kwa hizo riwaya, hilo la flashi linaniuma kama la kwangu.

Sisemi akatae hela, nasema asiuze hati. Arudi kwa mchapishaji amwambie hivi, chukua haki ya kuchapa kwa karatasi, kwa Kiswahili, hapa Tanzania, kwa miaka mitatu au kopi 2,000 kimoja kikitangulia, nilipe laki nne sasa na asilimia 10 ya kila kopi itakayouzwa, na kila miezi sita nioneshwe hesabu. Miaka ikiisha haki inarudi bila kuandikiana barua. Kama ni mchapishaji kweli atakaa mezani. Kama alikuwa anatafuta wa kumnyonya utamsikia tu anavyobadilika sauti.

---

hesabu_safi

Habari dada. Mimi ni mhasibu, nimesaidia vikundi vingi vya akina mama na vikoba, na ninasoma sana simulizi kwenye daladala hivyo mada hii imenigusa pande zote mbili. Niseme tu kuhusu huo mkopo.

2,100,000 na riba asilimia 10 unarudisha 2,310,000 ndani ya miezi mitatu. Tuseme kitabu unauza 12,000. Ili urudishe mkopo tu, hujala hata chapati, lazima uuze kopi 193 mkono kwa mkono kwa siku 90. Wewe watu walioonyesha kwamba wanatoa hela ni 83, na walitoa buku mbili. Wale elfu 11 wa ukurasani ni watu wazuri lakini usiwahesabu kama wateja, ni watu wanaopita mbele ya duka. Mkopo wa kikoba unadhaminiwa na wenzako, ukikwama wanakatwa akina mama wenzio akiba zao, na hapo utapoteza zaidi ya hela.

Halafu usipige hesabu kana kwamba zote utauza mwenyewe. Ukiweka dukani wengi wanataka asilimia 30 mpaka 40. Chukua 35, kwenye 12,000 unabakiwa na 7,800. Toa gharama ya kuchapa 4,200 inabaki 3,600, toa nauli ya boksi kwenye basi, toa kopi utakazogawa bure kwa shangazi na wajomba (watakuja wote, jiandae).

Mimi ningefanya hivi. Omba bei ya kopi 100, itapanda kwa kila kopi ila jumla itashuka sana. Tuseme wakwambie 6,500, hiyo ni 650,000 badala ya milioni mbili. Kisha rudi kwa wale 83, mmoja mmoja, sio tangazo la group, muandikie kila mtu kwa jina lake umwambie simulizi uliyoisoma inakuwa kitabu, imehaririwa, ina sura mbili mpya ambazo hazikuwepo, ukilipia sasa ni 10,000 badala ya 12,000 na jina lako litachapwa ukurasa wa shukrani. Wakilipa 60 una 600,000, unaongeza elfu 50 yako unaenda kiwandani bila kudaiwa na mtu. Wakilipa 15, warudishie hela zao kwa heshima, na utakuwa umejua jibu bila kuwaingiza wenzako wa kikoba.

Mengine haraka haraka. Laini ya simu ya biashara iwe tofauti na ya nyumbani, au chukua lipa namba, maana hela ya kitabu ikichanganyika na ya mboga hutajua kamwe kama unapata faida. Nunua kaunta buku, andika tarehe, jina, kiasi, alikotoka mteja, na upande wa pili andika kila unachotoa mpaka bando. TIN ya TRA, yaani namba ya mlipakodi, ni bure, ichukue mapema. Mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka kwa mfanyabiashara mdogo hayatozwi kodi ya mapato, ila viwango vinaweza kubadilishwa kwenye sheria ya fedha kila mwaka kwa hiyo pita ofisini kwao uulize, wanaeleza vizuri. Na huyo mchapishaji akianza kukulipa mrabaha, yaani ile asilimia yako ya mauzo, atakukata asilimia 15 ya kodi ya zuio, usishtuke ukadhani kakuibia, ila mdai cheti cha zuio.

Na jilipe. Hili wengi hawalifanyi. Umesema miezi minne, tuseme kila usiku saa mbili, hizo ni kama saa 240. Gawanya 166,000 kwa 240 uone unajilipa shilingi ngapi kwa saa. Haifiki 700. Sikwambii uache, nakwambia uione hiyo namba kila mwezi na ujitahidi ipande.

---

Dada Vitabu

Mimi niko upande wa pili wa meza, nauza vitabu Mwanza mwaka wa tisa huu. Waandishi wananiletea vitabu kwa mali kauli, kikiuzwa nakulipa, kisipouzwa unakuja kuchukua chako. Nimeona vitabu vizuri vikilala hadi vikapauka na vya kawaida vikiisha kwa wiki, naomba niseme ninachokiona kwa macho.

Mteja wangu akiingia haangalii jina la mwandishi kwanza. Anaangalia kava, anakigeuza, anasoma nyuma, anafungua ukurasa wa kwanza. Hapo ndipo unapouza au unapoteza. Wiki iliyopita kijana mmoja alishika riwaya, akatabasamu kabisa, akafungua, mstari wa tatu umeandikwa "walienda kura chakula". Akacheka akarudisha. R na L, dada yangu. Hadithi ilikuwa nzuri, niliisoma, ila mwandishi alibana hela ya mhariri. Kwenye simu watu wanasamehe kwa sababu ni buku mbili na wana hamu ya muendelezo, kwenye kitabu cha 12,000 hawasamehi.

Kwa hiyo hesabu za kaka hapo juu naziunga mkono ila ongeza mhariri, na umlipe kabla hata ya kufikiria kava. Sio rafiki yako anayependa kusoma, mhariri. Mwalimu mzuri wa Kiswahili wa sekondari anaweza kukufaa kwa kuanzia, mpatane bei kwa kurasa.

La pili, mgongo wa kitabu. Waandishi wanaochapa wenyewe wanasahau mgongo, unaachwa mweupe. Mimi vitabu navipanga kwenye shelfu, kinachoonekana ni mgongo tu, kitabu kisicho na jina mgongoni kwangu ni kama hakipo. La tatu, gundi. Kiulize kiwanda gundi gani, na wakupe kopi moja ya majaribio uifungue katikati kwa nguvu, uikunje kabisa mpaka isikike, kurasa zikitoka waambie hapana. Nimewahi kurudishiwa vitabu 11 kati ya 20 vya mwandishi mmoja, kurasa zimechomoka kama karata, na aliyepoteza ni yeye, mimi nilimrudishia boksi.

Namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, kwa Tanzania inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, usichape bila hiyo, maduka makubwa na maktaba hawakupokei.

Na usiahidi wateja tarehe kabla hujashika vitabu mkononi.

---

Mtenzi Pwani

Assalaam aleikum ndugu zangu wa bara. Mimi ni Mombasa, nimependa sana hii mada nikaona nitie langu.

Dada, mbona unakaa na chungu kimoja mekoni? Mimi nina diwani mbili, zimetoka na jina langu liko juu, lakini zilizolipa kodi ya nyumba si hizo. Mimi nalishwa na harusi. Mzazi anamuoza binti yake ataka utenzi wa nasaha, beti thelathini au arubaini, ndani mtajwe bibi harusi, nyanya yake, mtaa waliotoka, na usia wa mama. Naenda nakaa nao nawasikiliza, nauliza bi harusi alikuwa mtoto wa aina gani, mama atakwambia kitu kidogo tu, kuwa alikuwa hali samaki mpaka babake amtoe miba, basi hapo ndipo utenzi wote utakapokaa. Usiku wa shughuli ukisomwa ile beti ya miba, mama analia, shangazi analia, na wiki ya pili nimeshapigiwa simu na nyumba tatu.

Huwa nataka arbuni nusu kabla sijashika kalamu. Mwanzo nilikuwa naona haya, najiambia hawa ni majirani nitadaije. Nikafanya kazi nne nikalipwa moja. Sasa nasema mapema kwa adabu, "mama, arbuni elfu mbili, zilizobaki siku ya kukabidhi" (za Kenya hizo), na hakuna aliyewahi kukasirika. Fundi cherehani huwa unamwachia kitambaa bila arbuni? Nasi ni mafundi.

Sasa wewe una mkono wa simulizi. Hapo Morogoro hakuna redio? Hakuna mashirika yanayotaka vijitabu vya afya kwa Kiswahili kinachosomeka? Hakuna kanisa au msikiti unaotaka historia yake iandikwe, mzee mstaafu anayetaka maisha yake yawekwe kitabuni awaachie wajukuu? Hizo kazi analipa mtu mmoja kwa mara moja. Ndizo zitakazokununulia miezi minne ya kuandika yako kwa utulivu. Usizidharau, na wala hazichafui kalamu.

Huku kwetu ISBN hutolewa na Kenya National Library Service, na vitabu vina VAT asilimia 16 tangu 2013, ukileta kuuza huku uliza mambo ya mpaka mapema. Wengi huku ndoto yao ni kitabu kiingie shule, KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya, wakipitishe. Kikiingia alhamdulillahi, lakini kukalia ndoto hiyo peke yake ni kumsubiri mgeni ambaye hajasema anakuja.

---

Kijana_Rungwe

Hapo kwa arbuni nimejifunza. Na tusisahau tuzo, ile ya Mwalimu Nyerere inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu ilianza kutolewa 2023, inatolewa tarehe 13 Aprili, mshindi wa kwanza anapata milioni 10. Kuna na ile ya Safal-Cornell ya miswada ya Kiswahili, imekuwa ikigawa jumla dola 15,000 kwa washindi. Dada muswada wako kabla hujauchapa angalia masharti, maana ukishatoka kuna mashindano hauwezi kuingia.

---

hesabu_safi

Sahihi, ila tuzo asiiweke kwenye bajeti. Apeleke muswada, aendelee na kazi kama hajapeleka.

---

KalamuYaMoro

Wakuu nimesoma yote mara mbili, ya Babu nimemsomea mume wangu kwa sauti na tulipofika kwenye basi la Mbeya alinyamaza muda mrefu. Mungu awabariki.

Nina swali moja limebaki na ndilo linaloniuma zaidi. Hawa wa Telegram nifanyeje? Nikichapa kitabu si watapiga picha kurasa zote warushe?

---

Babu Muswada

Watarusha wachache. Nakwambia ukweli, hutawamaliza, na ukitumia usiku wako kuwafukuza hutaandika. Lakini usikae kimya pia.

Kwanza ripoti huo mkusanyiko wa Telegram kwa habari ya hakimiliki, ukiwa na ushahidi wa tarehe ulizoweka mwenyewe Facebook, huo ni ushahidi mzuri sana na unao bure. Namba ya anayeuza unayo, mtumie ujumbe mmoja wa heshima unaosema kazi ni yangu, nina ushahidi, naomba uache. Wengine ni vijana tu, wakiona mwenyewe yupo hai na anajua haki yake wanaacha. Asipoacha, COSOTA.

Pili, ukiuza PDF, weka jina na tarakimu nne za mwisho za simu ya mnunuzi chini ya kila ukurasa, kwa herufi za kijivu. Mtu hatarusha kitu chenye jina lake. Nilianza hivyo miaka miwili iliyopita na tangu hapo nimeibiwa mara moja.

Tatu, na hili ndilo kubwa, uza kitu ambacho PDF haina. Mwizi anaweza kuchukua maneno, hawezi kuchukua wewe. Hawezi kuweka sahihi kwenye kitabu. Hawezi kuwasomea watu kwa sauti yako sehemu mpya kila Ijumaa saa tatu usiku na kumjibu mama wa Kilosa anayeuliza kwa nini umemuua mhusika aliyempenda. Msomaji wako anakulipa kwa sababu yuko na wewe kwenye safari. Mlishe huyo.

---

Dada Vitabu

Na ile sehemu ya 22 uliyokosea jina irekebishe. Ikibaki PDF yenye kosa na kitabu kisicho na kosa, watu watajua ipi ni ya kweli.

---

KalamuYaMoro

Nimerudi wakuu, siku kumi zimepita nilisema nitaleta mrejesho.

Mchapishaji nilimpigia nikamwambia kama Babu alivyoandika, karatasi tu, Tanzania tu, miaka mitatu, laki nne na asilimia 10. Sauti ilitetemeka lakini nilisema. Akanyamaza, akasema waandishi wachanga hawaombi hivyo, nikamwambia sawa nitasubiri. Bado hajapiga.

Kikoba sijakopa.

Nimewaandikia wale 83 mmoja mmoja, ilinichukua usiku tatu. Kuna walioniambia hawana kwa sasa, kuna namba ambazo hazipatikani tena. Mpaka leo asubuhi waliolipia ni 47. Mmoja ni nesi wa Ifakara, amelipia vitatu, anasema kimoja chake, kimoja cha mama yake asiyejua kutumia simu ya kugusa ila anasoma, na kimoja cha wodini. Hicho cha wodini kimenitoa machozi. Mume wangu amekuwa ndio karani, ana kaunta buku lake anaandika majina kwa mwandiko mzuri kuliko wangu na akikosa jina la mtaa anapiga simu mwenyewe kuuliza.

Mwalimu wa Kiswahili nimempata, tumepatana 400 kwa ukurasa. Ameshanirudishia kurasa 30 za mwanzo zikiwa nyekundu tupu, nimeumia, ila ana haki. R na L zilikuwemo tisa.

Naomba msaada mmoja tu sasa, fundi wa kava hapa Morogoro au Dar ambaye mtu amefanya naye kazi akaridhika. Na Dada Vitabu, nikishachapa naweza kukutumia Mwanza?

---

Dada Vitabu

Nitumie 10 kwa kuanzia, mali kauli, naandikia risiti na tunahesabiana kila mwisho wa mwezi. Fundi wa kava nakuja inbox. Mgongo uwe na jina.